Ng'ombe wa Nyamgondho walikuwa wa nani? Uzi kuhusu "funzo" la hadithi fupi

#1 Mwalimu_Nyamasaria

Hamjambo walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi mnaopita hapa.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa viungani mwa Kisumu. Wiki jana tulirudishiwa karatasi za mtihani wa pamoja, ule tunaofanya na shule za jirani kuwaandaa watoto kwa KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na kuna jibu moja limeninyima usingizi. Shule sitaitaja, wala waliosahihisha. Nataka tulizungumzie jibu lenyewe.

Ilikuwa Karatasi ya Tatu, sehemu ya fasihi simulizi. Watahiniwa walipewa kisa cha Nyamgondho mwana wa Ombare. Kwa ambao hawakulelewa kando ya ziwa: Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara wa Gwassi, upande wa Nyandiwa. Siku moja alivuta mtego wake, na badala ya samaki akatoa ajuza. Alitaka kumrudisha majini, ajuza akamsihi amchukue nyumbani. Akamchukua, akamfanya mke. Kulipopambazuka boma lilikuwa limejaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyamgondho akatajirika, akaoa wake wengine, akawa mtu wa pombe. Usiku mmoja akarudi amelewa, akakuta lango limefungwa, akaita, asifunguliwe upesi. Akamtukana yule mama mbele ya boma zima, kwamba yeye ni kitu alichokiokota ziwani. Mama hakujibu. Alitoka akashika njia ya ziwani, na mifugo yote ikaamka ikamfuata, ikaingia majini nyuma yake hadi wa mwisho. Nyamgondho alisimama ufukweni ameegemea fimbo yake mpaka akageuka mti. Pale Nyandiwa wageni bado huonyeshwa alama kwenye mawe, wakaambiwa ni kwato za wale ng'ombe.

Swali lilikuwa: eleza funzo moja la hadithi hii, alama mbili. Mwongozo wa kusahihisha ulisema: ulevi ni mbaya, au tusiwadharau wengine.

Msichana mmoja wa kidato cha nne, mkimya, wa kukaa karibu na dirisha, aliandika hivi: "Ng'ombe hawakuwa wa Nyamgondho. Walikuwa wa mama. Nyamgondho alikaa nao muda mrefu akasahau. Funzo ni kwamba mtu akumbuke anachokula ni cha nani."

Akapewa sufuri. Mstari mwekundu umekatiza jibu lote.

Kisa hiki nimekisikia tangu sijaanza shule. Nyanya yangu alikisimulia, mama akakisimulia, mimi mwenyewe nimekifundisha miaka kumi na moja. Miaka yote hiyo tumesema "ng'ombe wa Nyamgondho" na hakuna aliyesita. Huyu mtoto ndiye wa kwanza niliyemsikia akiangalia ng'ombe walimfuata nani. Ukishaona hilo, pombe inakuwa jambo dogo. Pombe ilimfungua mdomo tu. Yale maneno alikuwa nayo tumboni siku nyingi, tangu alipoanza kuhesabu mifugo akisema "yangu".

Ninachokiona darasani ni hiki: tumewapa watoto orodha ya mafunzo kabla hawajasoma. Tamaa ni mbaya. Ulevi ni mbaya. Bidii hulipa. Heshimu wazazi. Watoto wanakuja mtihanini na hiyo orodha kichwani, wanachagua moja, wanaibandika. Mtoto anaweza kupata alama zote mbili bila kukisoma kisa, na yule aliyesoma kweli akatoka mikono mitupu.

Mimi nasema funzo la hadithi halimo mwishoni, limo pale ambapo mhusika angeweza kugeuka na hakugeuka. Mtoto akipata mahali hapo, funzo amelipata, hata kama maneno yake hayafanani na ya mwongozo. Ninyi mwaonaje?

#2 Baba_Njoro

Mwalimu, pole kwa msichana wako. Lakini niruhusu nikupinge kidogo kama mzazi.

Nina watoto watatu hapa Njoro, mmoja yuko kidato cha tatu. Hawa watoto siku hizi wanaona mambo mengi kwenye simu na hakuna anayewaambia lipi baya lipi zuri. Shule ikisema wazi "ulevi ni mbaya", mimi nashukuru. Kwetu nimezika vijana wawili wa ukoo kwa sababu ya pombe ya sumu, na hakuna hata mmoja aliyehitaji uchambuzi wa kina. Walihitaji mtu wa kuwaambia acha.

Zamani tukiambiwa hadithi jioni, nyanya alimaliza kwa kusema "ndiyo maana mtu hafanyi hivi na hivi." Tulilala na hilo neno na hatukuharibika. Sasa tukiacha kila mtoto atafute funzo lake, si kila mmoja atatoka na lake? Mwingine atasema funzo la Nyamgondho ni kwamba usioe mwanamke aliyetoka majini. Huyo naye utampa alama mbili?

#3 Mtahini_Mstaafu

Nimesahihisha fasihi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, sasa niko shambani kwangu nje kidogo ya Kakamega. Niseme machache kuhusu kazi yenyewe, maana naona lawama zinaelekea kwa wasahihishaji.

Karatasi ya Tatu ina alama themanini na saa mbili na nusu. Swali la kwanza ni la lazima, kisha mtahiniwa anachagua mengine matatu, kila moja alama ishirini. Msahihishaji ana mamia ya karatasi. Katika mtihani wa taifa watahini hukutana kwanza, wanapitia mwongozo, wanasoma majibu ya watahiniwa halisi na kukubaliana ni hoja zipi zaidi zikubaliwe. Nimeshuhudia mwongozo ukiongezwa hoja tano kwa sababu ya mtoto mmoja aliyeandika jambo ambalo hakuna mtunga swali aliyeliwazia. Mitihani ya pamoja ya shule mara nyingi haina hatua hiyo. Mwongozo unaandikwa na mtu mmoja usiku, unagawiwa asubuhi, basi.

Kwa hiyo, Mwalimu, kosa silioni kwenye kuuliza funzo. Liko kwenye kuuliza funzo bila kudai ushahidi. Swali lingesema "eleza funzo moja ukirejelea tukio katika hadithi", mtoto wako angepata zote mbili na yule wa kubandika angepata moja au asipate kitu.

Baba Njoro, umeuliza vizuri. Yule atakayesema usioe mwanamke wa majini nitamwambia anionyeshe katika kisa. Kisa kinamkatalia, kwa sababu ndoa ile ndiyo iliyomtoa kwenye ufukara. Si kila jibu linasimama. Hadithi yenyewe ndiyo mwamuzi.

#4 Mwalimu_Nyamasaria

Mzee Mtahini, asante sana. Hilo la ushahidi nitalipeleka kwenye mkutano wa idara Jumatatu.

Baba Njoro, pole kwa vijana wa ukoo. Sisemi watoto wasiambiwe pombe ni mbaya. Waambiwe, tena kila siku, nyumbani na shuleni. Ninachosema ni kwamba hadithi ina kazi nyingine, na niwape mfano kutoka mbali ili tusionekane tunatetea vya kwetu tu.

Muhula uliopita niliwasimulia kidato cha tatu kisa cha Mfaransa Guy de Maupassant, kile cha mkufu, kilichochapishwa mwaka wa 1884. Wengi wenu mlikisoma katika somo la Kiingereza. Mathilde ni mke wa karani wa wizara, mrembo, anaumia kwa sababu hana vitu vya kifahari. Mume anapata mwaliko wa karamu ya wizara. Anampa mkewe faranga mia nne za kununulia gauni, pesa alizokuwa ameweka anunue bunduki ya kuwindia. Mathilde anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Bi Forestier. Anacheza usiku kucha na kila mtu anamtazama. Wanarudi nyumbani alfajiri, anasimama mbele ya kioo ajione mara ya mwisho, shingo iko tupu.

Wanatafuta wiki nzima bila kuupata. Wanapata mkufu unaofanana nao dukani, faranga elfu thelathini na sita. Mume ana elfu kumi na nane alizorithi kwa babake, nyingine anakopa huku na huku, mpaka kwa walanguzi wa riba. Wanaurudisha. Kisha miaka kumi ya kulipa: wanamwachisha mtumishi, wanahamia chumba cha juu darini, Mathilde anaosha sufuria na kupandisha maji ngazini, mume anafanya kazi ya kunakili maandishi usiku. Deni linaisha. Jumapili moja Mathilde, amezeeka na mikono imeparara, anakutana na Bi Forestier ambaye bado ni kijana. Anamweleza yote. Bi Forestier anamshika mikono na kumwambia kwamba mkufu wake ulikuwa wa bandia, haukuzidi faranga mia tano.

Nilipomaliza niliuliza funzo. Mikono ishirini juu: "Tamaa mbele mauti nyuma." "Mtu aridhike na alicho nacho." Nikaandika ubaoni. Yote ni kweli, na yote wangeyasema kabla sijafungua mdomo.

Kisha mvulana mmoja, babake ana boda boda, akauliza: "Mwalimu, kwa nini hakumwambia tu?"

Darasa likanyamaza. Tukarudi kwenye hadithi kutafuta ni lini Mathilde angesema. Tukaanza kuhesabu. Asubuhi ile ile angeenda. Badala yake mume alimshauri aandike barua kwamba kifungo cha mkufu kimekatika na umepelekwa kutengenezwa, ili wapate muda wa kutafuta. Barua hiyo ndiyo tuliyokaa juu yake kwa dakika thelathini. Mistari michache tu ya uongo wa heshima, si uongo wa kuiba, wa kuficha aibu. Siku ya kurudisha angesema, na alichoogopa wakati ule ni kwamba kasha litafunguliwa. Halikufunguliwa. Bi Forestier alinuna tu kwamba amecheleweshewa kitu chake. Miaka kumi yote angesema. Kila mara neno moja lingetosha, na kila mara gharama ya neno hilo iliongezeka.

Watoto wangu wanaijua aibu ya deni. Wanajua mama anavyozima simu namba fulani ikipiga. Wanajua kuzunguka njia ya nyuma ili usipite mbele ya duka unalodaiwa. Tulipofika hapo hawakuwa wanachambua Paris tena. Msichana mmoja alisema, "Mathilde hakuwa na tamaa baada ya kupoteza. Alifanya kazi kuliko sisi sote. Alikosa tu ujasiri wa asubuhi moja." Niliandika sentensi hiyo ubaoni chini ya zile za kwanza na sikuifuta mpaka kesho yake.

Hilo ndilo ninalolitetea. "Tamaa ni mbaya" haijamzuia mtu yeyote kununua gauni. Lakini mtoto aliyekaa nusu saa na ile barua, siku akivunja kitu cha jirani, huenda akaikumbuka.

#5 Mama_Manyatta

Mwalimu umenigusa mahali. Mimi si mtu wa vitabu, niliishia darasa la nane, nauza omena na mboga. Lakini hii hadithi ya mkufu imenifanya niache kazi niandike.

Mwaka juzi tulikuwa na matanga ya mama mkwe. Nikaazima sufuria kubwa mbili kwa jirani, zile za kupikia watu mia. Watu walikuwa wengi, wapishi wa kukodiwa, magari ya kutoka kila upande. Baada ya mazishi nikahesabu vyombo, sufuria moja haiko na kifuniko chake hakiko. Nikauliza kila mtu. Hakuna.

Nilirudisha ile moja nikamwambia nyingine imebaki nyumbani kwa shemeji, italetwa. Hayo ndiyo maneno yangu, kama yule na barua yake. Nikaanza kumkwepa. Soko ni lile lile, bomba la maji ni lile lile, kanisa ni lile lile, na mimi namkwepa. Nikaacha hata kwenda chama chetu cha Alhamisi kwa sababu yeye ndiye mweka hazina. Nikakopa kwa simu ninunue nyingine, zile pesa zikaingia kwa karo, nikabaki na deni la simu na deni la sufuria. Karibu miezi minne.

Siku moja nikachoka. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji kichwani nikamwona anakuja, njia nyembamba, hakuna pa kupinda. Nikatua ndoo nikamwambia: dada yangu, sufuria yako ilipotea kwenye matanga na nilikudanganya. Akaniangalia, akaniambia, "Najua. Mtoto wangu aliiona kwa wale wapishi wiki ile ile. Nilikuwa nangoja uniambie."

Miezi minne yeye anajua na anangoja. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, si ile sufuria. Sufuria nililipa pole pole, mia mbili mia mbili kupitia chama. Lakini nilipoteza miezi minne ya rafiki yangu.

Mwambie yule kijana wa boda boda ameuliza swali zuri sana.

#6 Form4_Bungoma

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi, nafanya KCSE mwaka huu. Nimesoma yote. Mama Manyatta pole sana.

Swali langu ni la mtihani kabisa. Tulifundishwa Lwanda Magere kama mighani, yaani hadithi ya shujaa, na funzo tuliloandikiwa ni "mwanamume asimwambie mke siri zake." Wasichana wa darasa letu walikataa, mwalimu akasema mwongozo unasema hivyo. Sasa mtihanini niandike nini? Na pia kwa Fumo Liyongo funzo ni "usimwamini mtoto wako"?

#7 Kutoka_Vilima_vya_Nandi

Kijana wa Bungoma, kabla mwalimu hajakujibu, acha nikuulize kutoka upande wa juu.

Wajaluo wanaosimulia hicho kisa wanasema hivi: Lwanda Magere alikuwa shujaa wa Kano, mwili wake wa jiwe, mkuki haupenyi. Aliwapiga maadui zake, Lang'o, vita baada ya vita. Lang'o ni sisi Wanandi. Wakamtolea msichana mrembo awe mke. Wazee wa kwao wakamkanya, akaoa. Akaugua, akamwambia yule bibi achanje kivuli chake badala ya mwili, na damu ikatoka kwenye kivuli. Usiku ule bibi akatoroka kwenda kuwaambia wa kwao. Vita vilivyofuata mkuki ukapigwa kivulini, shujaa akaanguka akawa jiwe.

Sasa mimi nauliza: yule msichana alikuwa nani? Alitoka kwa watu ambao kaka zake na baba zake waliuawa na mume wake. Alitumwa, huenda hakuulizwa anataka. Alikaa na adui, akavumilia, akaleta habari, watu wake wakapona. Angekuwa mwanamume angeitwa jasusi hodari na tungempa jiwe lake naye. Kwa nini kwenye mtihani yeye ni funzo la kuogopa wanawake?

Sisemi hivi kwa ubaya. Nimeoa Kano, wajomba wa watoto wangu ni wa huko na hiki kisa tunakisimulia mezani. Lakini kila mara nikisikia hilo funzo naangalia binti yangu anavyosikiliza.

#8 Mwalimu_Nyamasaria

Ndugu wa vilima, karibu sana. Umesema nililotaka kusema, na umelisema ukiwa mahali pazuri zaidi pa kulisemea.

Kijana wa Bungoma, marahaba. Nikujibu kwa mtihani kwanza. Swali likiwa la funzo, andika funzo kisha tukio linalolithibitisha, hata kama swali halikudai. Kwa Lwanda usiandike "mke". Andika kwamba shujaa alipuuza onyo la wazee kwa sababu alizoea kushinda, kisha taja onyo lenyewe. Hilo hakuna msahihishaji atakayelikata. Kwa Liyongo, yule mwana alirubuniwa na maadui wa babake mpaka akamchoma sindano ya shaba kitovuni. Uzito umo kwa wale waliomtumia mtoto. Angalia pia mwisho wake: Liyongo alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuja kuteka maji wakidhani yu hai. Waliotaka afe wakakaa na kiu. Hilo ni funzo zima na sijawahi kuliona kwenye mwongozo wowote.

Nje ya mtihani, nikuambie jambo lililotokea darasani kwangu Ijumaa, maana naona ndipo uzi huu ulipokuwa unaelekea.

Grace Ogot alikuwa mtu wa huku kwetu, mzaliwa wa Asembo. Katika mkusanyiko wake wa 1968, *Land Without Thunder*, kuna hadithi ya mvua iliyotokana na masimulizi ya Kijaluo. Chifu Labong'o ana binti mmoja tu kati ya wana wengi, Oganda. Ukame umekausha nchi. Mganga anatangaza kwamba mizimu inamtaka Oganda atolewe kwa dude la ziwani ndipo mvua inyeshe. Labong'o anakubali. Kijiji kinashangilia, wanamwimbia, wanampa heshima, na yeye mwanzoni anadhani wanapanga ndoa yake. Kisha anaenda peke yake kwa miguu, siku nzima, kuelekea ziwani. Karibu na maji kijana anayempenda, Osinda, anamfikia, anamvika vazi la majani ili mizimu isimwone, wanatoroka. Na mvua inanyesha, ngurumo na radi, mvua ya kumwagika.

Nilipouliza funzo, waligawanyika mara moja. Wengine: mapenzi ya kweli huokoa. Wengine: mila potovu ziachwe. Sawa. Nikawauliza swali nililojifunza kwa yule mvulana wa mkufu: nani angegeuka, na lini? Wakasema Labong'o. Wakabishana kama chifu anaweza kukataa watu wakifa kwa njaa. Kengele ikalia na hakuna aliyeinuka, jambo ambalo Ijumaa saa tisa na nusu si la kawaida.

Nitaeleza kilichofuata baadaye, kuna mtu mlangoni.

#9 Baba_Njoro

Mwalimu, nimerudi. Nimekuwa nikifuata tangu asubuhi na nimebadilika sehemu, si yote.

Nimekumbuka hadithi tuliyosomewa shuleni ya Tolstoy, ile ya Mrusi anayeitwa Pahom, ya mwaka wa 1886. Anaambiwa kwa Wabashkiri ardhi inauzwa kwa siku: rubo elfu moja, ardhi yote utakayoizunguka kwa miguu kuanzia jua likichomoza, mradi urudi ulipoanzia kabla halijazama. Anazunguka, kila akiona bonde zuri anasema na hili pia. Jua linashuka, anakimbia, anafika, anaanguka amekufa. Anachimbiwa kaburi la urefu wake, na hiyo ndiyo ardhi aliyohitaji.

Tuliandika "tamaa ni mbaya", mimi nikaipata alama. Halafu nikakua. Baba alipofariki aliacha ekari nne na wana watano. Kaka yangu mkubwa na mimi tuligombania ua wa kaiyaba, futi sita za upana. Futi sita, Mwalimu. Tulileta mpimaji mara mbili, tukaenda kwa chifu, tukalipa wakili. Pesa tulizotumia zingenunua hiyo futi sita mara kumi. Na funzo la Pahom nilikuwa nalijua kwa moyo, lilinipa alama. Sikuwahi kulifikiria hata siku moja pale mpakani, kwa sababu mimi sikujiona nina tamaa. Nilijiona nadai haki yangu.

Nikisoma sasa nataka kujua Pahom angegeuka wapi. Kuna mahali aliona amekwenda mbali sana na bado akazunguka lile bonde lenye unyevu kwa sababu kitani kingestawi pale. Angekata kona hapo angefika mzima na shamba kubwa. Hakusema "nina tamaa". Alisema ni ardhi nzuri, ni makosa kuiacha. Ndivyo nilivyosema mimi.

Kwa hiyo nakubali swali lako. Lakini hata nyanya yangu na lile neno lake la mwisho simwachi. Nadhani alijua tutalihitaji kabla hatujaelewa.

Kaka na mimi tunasalimiana sasa. Ua bado upo.

#10 Mtahini_Mstaafu

Baba Njoro, asante kwa kuliandika hilo.

Kuhusu neno la mwisho la nyanya: nakuunga mkono zaidi kuliko mwalimu. Kisa cha Simbi Nyaima kule karibu na Kendu Bay hakina maana bila onyo lake. Bibi kizee anafika kijijini usiku wa karamu, ana njaa na baridi, wanamfukuza. Mwanamke mmoja tu anamkaribisha. Bibi anamwambia aondoke na watu wake, kisha mvua inanyesha na kijiji kinazama. Ziwa lipo mpaka leo, maji yake ya magadi, na heroe hulitembelea. Kila mtoto anayepita pale anaambiwa: usimfukuze mgeni. Huo si uvivu wa kufikiri. Ni ukarimu uliowalisha wasafiri wengi kabla ya hoteli.

Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka wa 2027. Kwa wale wa gredi ya kumi, wa mtaala mpya, wanaokuja nyuma yao, ningependa tuyaweke yote mawili katika swali moja: jamii inakitumia kisa hiki kufunza nini, na wewe unaona nini ndani yake? Alama sawa kwa kila upande.

#11 Mama_Manyatta

Mwalimu, umetuacha mlangoni na kengele imelia. Watoto walisema nini?

#12 Mwalimu_Nyamasaria

Samahani Mama, alikuwa mzazi wa yule msichana wa Nyamgondho. Amekuja kuuliza kwa nini binti yake anataka karatasi yenye sufuri iwekewe plastiki.

Mzee Mtahini, swali lako la pande mbili nimelinakili kama lilivyo.

Kuhusu Ijumaa. Wakati wanabishana juu ya Labong'o, yule yule msichana aliinua mkono. Alikuja kusikiliza, si darasa lake, alikuwa amesimama mlangoni na daftari. Akasema: "Lakini Labong'o hajui kwamba Oganda hakufa. Kijiji chote hakijui. Wao wameona mtoto ametolewa na mvua imenyesha. Mwalimu, ukame ukirudi, watamchukua nani?"

Hakuna aliyejibu. Mimi pia sikuwa na jibu. Nimesoma hadithi hiyo mara nyingi na kila mara niliishia kwenye mvua, nikifurahi kwamba wamepona.

Kesho tunaanzia hapo. Kila mmoja ataandika ukurasa mmoja: ukame wa pili. Nikipata ruhusa yao nitaweka zingine hapa.